Oili Nzito ya Lori la Baba

Harufu ya oili ya giaboksi haifanani na nyingine yoyote. Oili ya injini hunukia kidogo tu, kama taa ya mafuta iliyozimwa sasa hivi. Hii nyingine inanuka yai viza na kiberiti kilichoungua. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika gereji moja hapa Ruiru, nikimsubiri mjukuu wangu ambaye gari lake lilikuwa limepandishwa juu ya mawe. Fundi akafungua nati chini ya gari, oili ikaanza kushuka kwenye karai, na harufu ile ikanifikia pale nilipokaa. Nilisimama nikatoka nje. Mjukuu akanifuata.

"Cucu, uko sawa? Ni vumbi?"

Nikamwambia ndiyo, ni vumbi. Nina miaka mingi ya kusema ni vumbi.

Baba yangu alikuwa na lori. Nyinyi wa rika langu mnajua uzito wa jambo hilo, kwa maana zile zilikuwa siku za ukoloni, za kipande na vibali, siku ambazo mtu mweusi mwenye baiskeli aliitwa tajiri. Lilikuwa lori dogo, kuukuu, lililopita mikono miwili ya Wazungu na mmoja wa Mhindi kabla ya kufika kwake. Mbao za ubavuni alizipaka rangi ya kijani kwa mkono wake mwenyewe. Alibeba unga wa mahindi kutoka kwa wasagaji wa Thika na kuupeleka kwenye maduka ya Ruiru na kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya kahawa. Tulikaa upande wa Mugutha, katika nyumba mbili za udongo zilizotazamana: moja yetu, moja ya ndugu yake mdogo. Mama alikufa akimzaa mdogo wetu wa mwisho, Nyambura. Katikati yetu alikuwa Karanja. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo baba hakuniita kwa jina. Aliniita Mama, na ndugu yake, ambaye sisi tulimwita baba mdogo, aliniita vilevile. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na wanaume wawili wazima waliniita mama yao, na mimi niliamini kabisa kwamba nilikuwa na kazi ya kuwatunza.

Jumamosi baba alinipeleka Thika kununua oili. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mapipa yalilazwa juu ya magogo ukutani, kila moja na bomba lake na namba yake imeandikwa kwa chokaa. Baba hakuwa mtu wa kuashiria pipa na kunyoosha chupa. Alifungua bomba kidogo, akaacha tone moja lianguke kwenye kidole gumba, akalisugua polepole huku anatazama dari kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akanipa mimi nisugue.

"Sikia, Mama. Baridi ya Julai inataka thelathini, maana oili ikilala usiku inaganda, na asubuhi injini inakauka koo kabla haijaifikia. Jua likiwa kali unaweka arobaini. Na injini ikizeeka unaiongezea uzito. Kidogo tu. Kidogo tu, Mama."

Mtoto hachukui somo lote. Anachukua kile kinachofanana na anachokijua. Na mimi nilichokijua kilikuwa uji. Nyanya yetu, kabla hajafa, alitufundisha kwamba uji mwepesi, ule ambao mtu anaona uso wake ndani ya kibuyu, ni matusi. Huo unampa mgeni unayetaka aondoke. Mtu unayempenda, mwanamke aliyetoka kujifungua, mzee aliyerudi kutoka safari, unampikia uji unaotembea polepole ukiinamisha kibuyu. Basi baba aliposema uzito, nikaelewa heshima. Ile "kidogo tu" ilipita masikioni mwangu kama upepo.

Kisha baba alishikwa na homa ya mapafu. Siku ya nne hakuamka.

Siku ya mazishi wazee wa rika lake waliketi nje ya nyumba yetu na kutamka neno lao mbele ya watu wote. Lori ni la watoto hawa watatu. Baba mdogo atalishika usukani kwa sababu yeye naye ni dereva wa miaka mingi, lakini kazi yake ni kuwalisha, kuwavisha na kuwasomesha mpaka wakue. Lori likitembea, watoto hawa hawatatawanyika. Baba mdogo alivua kofia akasema amesikia. Nilimshika Nyambura mkono na nikatazama lori lile la kijani limesimama chini ya mti wa mwangati, na nikaelewa vizuri kabisa, hapo sikukosea: sisi watatu tutakuwa pamoja muda wote ambao injini ile itanguruma.

Ndiyo maana nilianza kuisikiliza kila asubuhi kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Na nilichosikia hakikunipendeza. Ilikuwa inakohoa. Ilitoa moshi wa rangi ya samawati. Mahali ilipolala usiku iliacha matone meusi, na mimi niliyafunika kwa mchanga ili watu wasione. Nilidhani lori linalia. Nilidhani limeona baba hayupo na linakonda, kama ng'ombe anayekataa kula mwenye boma akifa. Sikujua kwamba baba mdogo alikuwa haangalii kijiti cha oili. Nilijua tu kwamba mgonjwa anataka chakula kizito.

Siku moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mikahawa, tulikwenda naye Thika. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo. Baba mdogo alisimamisha lori kwa wasagaji.

"Mama, wewe unasoma," akasema. "Nenda kwa Mhindi ulete oili. Baba yako alikufundisha, sivyo?"

"Alinifundisha."

"Basi nenda. Mimi nabaki kupakia."

Nilitembea na debe dogo kichwani nikiwa nimevimba kwa fahari. Mhindi alinitambua.

"Pole sana baba yako. Mtu mzuri. Leo wewe nataka namba gani?"

"Nataka ile nzito kabisa."

"Nzito? Arobaini?"

Nikaenda kwenye mapipa, nikasugua tone la arobaini. Lilikuwa kama mchuzi. Mwisho wa mstari, pembeni, palikuwa na pipa lililoandikwa mia moja na arobaini. Nikafungua bomba kidogo. Kwa muda hakuna kilichotoka. Kisha oili ikajitokeza, ya rangi ya asali, ikaning'inia, ikakataa kudondoka. Ilikuwa inanuka vibaya, lakini dawa zote nilizozijua zilinuka vibaya.

"Hii," nikasema.

"Hii ya injini ama ya giaboksi?"

Sikujua kuna tofauti, na sikutaka Mhindi ajue kwamba sijui. "Ya lori lote," nikamjibu.

Alicheka mpaka miwani ikateremka. "Lori lote! Mtoto, gari hapana tumbo moja kama wewe. Nani ametuma?"

"Baba mdogo. Ni dereva."

"Ah. Basi yeye atajua. Ambia yeye afungue anuse. Kama siyo hii, rudisha, mimi nabadilisha."

Nilirudi. Nilimpa ujumbe wote kama nilivyopewa, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kutumwa na kufika. Baba mdogo akasema "sawa" akafunga gunia.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Alifungua boneti, akafungua debe. Alikuwa mtu mwenye pua kubwa, watu walimtania kwayo, na niliiona ikiinama juu ya debe lile na kukaa pale. Aliinamisha debe, akatazama jinsi oili ilivyotambaa. Akanigeukia.

"Hii ndiyo umechagua?"

"Ndiyo, baba mdogo. Ni nzito kuliko zote."

Alinitazama kwa muda mrefu. Ningali nauona uso ule. Wakati ule nilidhani ananistaajabia.

"Haya, Mama," akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Nilimshikia faneli kwa mikono miwili. Oili ilishuka polepole, kama uji wa mtu anayependwa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu baba afe.

Hendeli ya kuwashia injini ilikataa kuzunguka. Aliita jirani wakaishika pamoja, wakatukana, wakapumzika, wakaishika tena. Mwishowe injini ikawaka. Karanja na mimi tukapanda mbele, maana shule yetu ilikuwa njiani. Hatujafika mbali nikasikia kitu kinagonga huko ndani, tok, tok, tok, kama mtu aliyefungiwa anayeomba kufunguliwa.

"Baba mdogo, ni nini kinagonga?"

"Ni oili yako inapanda."

"Si tusimame tuangalie?"

"Mtachelewa shule."

Karanja akaanza kuimba kwa kufuata mdundo ule wa sauti, tok, tok, na sisi wote watatu tukacheka. Baba mdogo akatushusha, akabadilisha gia, akaenda. Hakupunguza mwendo. Baba yetu alikuwa akisikia hata nati imeanguka kwenye injini anasimama barabarani, anafungua boneti, analaza sikio.

Kabla ya saa sita habari zilifika mpaka darasani. Lori limekufa kwenye mwinuko, upande wa Thika, na chuma kimetoboa ubavu wa injini.

Jumamosi nilimfuata baba mdogo gereji. Lori lilikuwa limevutwa kwa ng'ombe, jambo ambalo liliniumiza kuliko kifo chenyewe. Fundi alikuwa Mkamba mmoja mfupi aitwaye Mutua, ambaye alimjua baba. Alichovya kidole, akanusa, akakunja uso.

"Hii ni ya giaboksi."

"Mtoto ndiye alichagua," baba mdogo akasema. "Msomi wetu huyu hapa. Wanaenda shule wanarudi kutuua."

Vijana wa gereji wakacheka. "Msomi! Kesho atatia maji ya chai!"

Mutua hakucheka. Alimtazama baba mdogo, akasema taratibu, "Na hiyo pua yako ilikuwa wapi?"

Baba mdogo akacheka peke yake, akawasha sigara. Nami, mtoto mjinga, nikamkasirikia Mutua. Nilidhani anamtukana mzee wangu kwa sababu ya pua yake kubwa, siku ambayo mzee wangu amepata hasara kwa makosa yangu. Njia nzima ya kurudi nilimwomba baba mdogo msamaha. Aliupokea. Hilo ndilo jambo ambalo nimeshindwa kulimeza mpaka leo. Aliupokea, akanigusa kichwa, akasema, "Umeshaua, umeshaua." Na tangu siku ile hakuniita Mama tena. Nikawa "wewe msichana."

Wazee waliitwa. Waliketi palepale walipoketi siku ya mazishi. Baba mdogo akasema kwa sauti ya huzuni kwamba alikuwa tayari kutimiza neno lao, lakini lori la watoto limeuawa na mtoto mwenyewe, na yeye ana watoto wake. Ikaamuliwa Karanja aende kwa mjomba upande wa Murang'a kuchunga mbuzi. Nyambura, aliyekuwa hajafika hata miaka mitano, apewe mama mmoja wa Gatundu asiyekuwa na mtoto. Mimi, wakasema, nilikuwa karibu mtu mzima, ningepata pa kuolewa baada ya miaka michache.

Msichana hasimami mbele ya wazee. Nilisimama.

"Mimi ndiye niliyeua lori," nikasema. "Basi mimi nitafanya kazi yake."

"Kazi ya lori?" mmoja akauliza, na wengine wakacheka kidogo. "Utabeba unga?"

"Nitachuma kahawa. Nitawalisha. Karanja atasoma. Hakuna atakayeondoka kwenye nyumba ya baba."

Mzee mmoja, aliyekuwa ametahiriwa siku moja na baba, akachora kitu kwenye vumbi kwa fimbo yake. "Mwacheni ajaribu msimu mmoja," akasema. "Njaa itamshauri."

Njaa haikunishauri. Jumatatu nilirudisha kitabu cha kusoma kwa mwalimu, naye akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Hakuuliza tena, wengi waliacha shule. Kabla ya jua kutoka nilikuwa kwenye mstari wa wachumaji katika shamba la Mzungu mmoja, debe limefungwa kiunoni, umande unanilowesha mpaka mapajani. Wanawake waliniweka katikati yao ili nyapara asione kimo changu. Nyambura nilimbeba mgongoni mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akatembea kando yangu akiokota buni zilizoanguka. Karanja alisoma. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, na hakuna mzee aliyerudi kuuliza. Mikono yangu ilikuwa inanata utomvu wa kahawa, na jioni, nikiinawa, nilijiambia: hii ni kwa sababu ulitia uji mzito. Nilikuwa najiambia hivyo kila jioni, bila kukosa, kwa miaka.

Baba mdogo hakukaa bila kazi. Mwezi ule ule lori lilipokufa alikuwa amevaa khaki mpya za kiwanda kimoja cha Thika, akiendesha lori kubwa lililokuwa likimngojea getini asubuhi na kuoshwa na watu wengine jioni. Nilifurahi kwa ajili yake. Niliona Mungu amemfuta machozi. Nilikuwa nimeshaolewa na kupata watoto wawili nilipokutana na mzee mmoja aliyefanya naye kazi, na yeye kwa nia njema kabisa akanisimulia kwa kicheko: ile nafasi baba yako mdogo aliahidiwa tangu mvua za masika, lakini akawa anasema, ngojeni, nina lori la marehemu shingoni.

Nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye kigoda, na mambo yakajipanga yenyewe bila mimi kuyaita. Debe. Pua juu ya debe. Ule mtazamo mrefu. Ile tok, tok ambayo hakutaka kusimama kuisikiliza. Dereva wa miaka mingi hawezi kumimina oili ya giaboksi kwenye injini bila kujua, kama vile mpishi hawezi kutia mafuta ya taa kwenye sufuria akadhani ni samli. Sijui kama alinituma akitumaini nitakosea. Hilo ni la Mungu na yeye. Najua kwamba alinusa. Kosa la mtoto lilimjia mikononi kama zawadi, na alichohitaji kufanya ni kulimimina tu.

Leo watu huniuliza kwa nini nasoma kila kopo la oili mpaka maandishi madogo ya nyuma, mimi mwanamke mzee asiyeendesha hata baiskeli. Mjukuu wangu anasema ningeweza kuwa fundi. Namwambia namba kubwa si sifa, namba ni unene tu. Tazama kitabu cha gari, tazama injini imetembea kiasi gani, tazama unakoishi kuna baridi au joto. Nayajua yote hayo. Niliyajua nikiwa na miaka thelathini, na hayakuwa na kazi tena.

Karanja alisoma mpaka akawa karani, kisha bwana mkubwa. Siku aliyonunua gari lake la kwanza alitualika nyumbani kwake kula mbuzi. Baba mdogo alikuwa amezeeka wakati huo, akaketishwa kwenye kiti chenye mikono, maana siku ya harusi ya Karanja yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Tukiwa tumeanza kula, Karanja akagonga sahani kwa kijiko.

"Watu wangu, gari mmeliona. Kuna sharti moja tu. Dada yangu asikaribie oili! Huyu alipikia lori la baba uji!"

Walicheka wote. Nyambura alicheka mpaka akamwagikiwa na mchuzi. Hadithi ile walilelewa nayo. Kwao ilikuwa tamu, ya nyumbani. Baba mdogo ndiye aliyecheka zaidi, akipangusa macho kwa leso. "Uji!" akasema. "Woi, uji kweli!"

Nikaweka kipande changu cha nyama chini.

"Oili nilinunua mimi, baba mdogo," nikasema. "Aliyemimina ni wewe. Ulinusa, ukamimina."

Kicheko kilikatika upande wangu wa meza, kisha upande wa pili. Mzee hakuniangalia. Alitazama sahani yake, na mkono wenye leso ukabaki juu ya shavu. Nyambura akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Nilimngojea Karanja. Nilimngojea kama nilivyokuwa nikimngojea njia panda akitoka shule, na vidole vyangu vinanata.

"Dada," Karanja akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "hayo ni mambo ya zamani. Mwache mzee ale."

Na mzee akala.